Niliyoandika Kwenye Safu ya Sababu

Mwende, mwana wakwa,

Uko njiani kutoka Wote ulikokwenda kumuaga susu, bibi yako, na kabla giza halijaingia utakuwa hapa getini ukiniuliza kama nimeiona tochi yako. Nimeiona. Iko juu ya sanduku, kando ya viatu. Mambo mengine ya safari unayajua kuliko mimi, kwa hiyo sitayaandika. Nimekaa mezani tangu saa nane kwa sababu kuna jambo moja ambalo lazima ulijue kabla basi halijakufikisha Kibwezi kesho. Wiki hii nilijaribu mara tatu kukuambia kwa mdomo. Mara zote tatu nilianza vizuri, kisha nikajikuta nazungumza habari za sabuni na soksi.

Ni kuhusu Anko Kyalo na mguu wake.

Unaijua hadithi jinsi kila mtu anavyoijua: kwamba alikabiliana na nyati aliyejeruhiwa, akapiga risasi ya kwanza, kisha mkono wake ukachelewa na risasi ya pili haikutoka. Kwamba ndiyo sababu watu humwita Kavola, polepole. Hadithi hiyo si ya kweli. Mimi ndiye niliyeiandika.

Nilifikiri kuificha barua hii chini ya nguo zako, uikute ukishafika chuo cha walinzi. Nilishaikunja hata karatasi ya kwanza nikafungua sanduku. Kisha nikaona kwamba huo ungekuwa ujanja uleule. Nitakupa mkononi jioni hii, na nitakaa hapohapo ukisoma.

Mwaka ule ulikuwa darasa la tatu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minane, digrii ya fizikia, mtoto niliyempata nikiwa bado chuoni, na kazi ambayo niliona inawanyamazisha wote waliosema nimeharibu maisha yangu. Nilipima bunduki za walinzi wa wanyamapori kabla kikosi hakijazinunua. Zilikuwa zile bunduki ambazo baada ya kila risasi mpigaji huvuta chuma cha pembeni kwa mkono, ganda tupu likaruka nje, kisha akakisukuma mbele na risasi mpya ikapanda kutoka kwenye magazini, kile kisanduku cha risasi, na kuingia mtutuni. Chuma hicho tunakiita bolti. Huko uendako utakivuta mpaka kiganja kiote sugu.

Zililetwa aina tatu. Kwa siku nane tulikuwa kwenye uwanja wa shabaha nje ya Kitui, mimi na meza yangu, kifaa cha kupima kasi ya risasi, rula ya chuma na fomu. Kila bunduki ilipiga risasi tano tano kwenye karatasi iliyosimamishwa mita mia moja, nami nilipima nafasi kati ya tundu na tundu. Ile ya pili ilinipumbaza. Matundu yake matano yalifunikwa na sarafu moja ya shilingi ishirini. Tuliijaribu kwa risasi za kichwa laini, kisha kwa zile za kichwa kigumu ambazo walinzi huzitumia kwa nyati ili zisipasukie juu ya mfupa, na bado matundu yalikaa pamoja. Nilikuja na karatasi hizo nyumbani. Unakumbuka? Ulizibandika ukutani juu ya kitanda chako ukasema ni maua.

Nilitaka bunduki ile ishinde. Anza kunielewa kutoka hapo. Sikuwa nimehongwa na mtu yeyote wala kutishwa. Nilipenda tu kitu kizuri, nikataka kiwe kizuri kila mahali.

Mpigaji wetu wa majaribio alikuwa Kyalo. Alikuwa amekaa porini miaka zaidi ya ishirini, na alikuwa na tabia moja ambayo wenzake waliichekea: alihesabu risasi kwa Kikamba, kwa sauti, akigawa kila neno kwa mwendo wa mkono. Nusu ya neno akivuta, nusu akisukuma. Risasi ya tatu kwa mfano, itatu: "ita" bolti inarudi nyuma mpaka inagonga mwisho wake, "tu" inaenda mbele. Ukifumba macho ulijua hasa mkono wake uko wapi. Mimi nilikuwa nikifumba macho. Nilikuwa nikijaza fomu kwa masikio.

Siku ya sita tulijaribu magazini. Inabeba risasi tano. Kyalo aliniambia asubuhi, akiipiga magazini ya bunduki ya pili kwenye kiganja kama mtu anayeonja uzito wa tikiti, "Injinia, hii midomo yake naona ni myembamba. Na ukijaza zote tano, zinabanana na kulala vibaya. Afadhali tuweke nne."

"Imeandikwa tano, Mzee."

"Imeandikwa na nani? Huyo alishaona vumbi la Kibwezi Oktoba?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka. Nilidhani ananipima, kama wengi walivyokuwa wakinipima, aone kama nitajua la kujibu. Nikasema tutajaza tano.

Alianza. Imwe, ya kwanza, ikatoka. Ili, ya pili, ikatoka. Nikiwa nimefumba macho nikasikia "ita", nikasikia bolti ikigonga mwisho, chuma kwa chuma, kisha kimya. "Tu" haikuja. Nilipofungua macho risasi ya tatu ilikuwa imesimama pua juu, imekwama nyuma ya mtutu, na Kyalo ameinua mkono wake hewani kunionyesha kwamba hailazimishi.

"Injinia, imekataa."

"Umevuta nusu," nikasema.

Akageuka akanitazama. "Mimi?"

"Ukivuta nusu ndivyo inavyokuwa. Hukufikisha mkono."

"Nimevuta mpaka mwisho. Umesikia."

Nilikuwa nimesikia, Mwende. Hapo ndipo pa kupashika. Kama nisingesikia, barua hii ingekuwa fupi.

Mwenzake, Musyoka, akadakia kutoka nyuma, "Kavola, Mzee! Kavola! Nyati hangoji umalize hesabu!" Uwanja mzima ukaangua kicheko, na Kyalo mwenyewe akacheka kidogo, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka. Jina lilizaliwa pale. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyemwita hivyo.

Tulirudia mara nyingi, na haikukwama tena. Magazini ilikuwa mpya, meza ilikuwa safi, nilikuwa nimetandika turubai ili vumbi lisiguse chochote. Jioni nikabaki na fomu yangu. Ina safu nne: tarehe, risasi, kilichotokea, sababu. Kwenye kilichotokea niliandika: imekwama mara moja. Kwenye sababu nilishika kalamu muda mrefu. Sikuwa najua sababu. Nilijua tu ambayo haikuwa sababu. Na nilijua kwamba nikiiacha wazi, bunduki yangu nzuri itarudishwa kwa majaribio mengine miezi mitatu, na watu watauliza kwa nini msichana huyu hajui jibu. Nikaandika maneno matatu: kosa la mpigaji. Nikatia sahihi. Kyalo naye akatia sahihi yake kama shahidi, bila kusoma, kwa sababu aliniamini.

Bunduki ile ilinunuliwa.

Mwaka uliofuata, kiangazi kikiwa kikali, nyati mmoja aliyekuwa na jeraha la mtego alishuka kwenye mashamba ya kando ya mto karibu na Kibwezi. Watu walikuwa wanamwagilia mboga. Kyalo ndiye aliyetumwa. Unajua yaliyofuata, au unajua umbo lake. Risasi ya kwanza ilimpata lakini haikumwangusha. Ya pili haikutoka. Nyati alimfikia, na siku nne baadaye mguu wa Kyalo ulikatwa chini ya goti.

Kamati ya uchunguzi ilikaa ofisini kwetu. Bunduki ilikuwa imekanyagwa, magazini imefunguka, hakuna aliyeweza kusema ilikuwaje. Wakafungua faili, wakakuta fomu yangu. Mwenyekiti akasoma kwa sauti yale maneno matatu. Kyalo alikuwa pale kwenye kiti cha magurudumu, shuka magotini. Akasema, "Nilivuta mpaka mwisho. Hata siku ile ya majaribio nilivuta mpaka mwisho. Injinia yuko hapa, aseme."

Wakanigeukia.

Nilisema, "Nilichoandika ndicho nilichokiona."

Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko sala yoyote. Niliichagua vizuri. Nilikuwa nimefumba macho siku ile, sikuona chochote. Hata katika uongo wangu nilikuwa mtu wa vipimo.

Wakaandika kwamba alishindwa kutumia silaha ipasavyo. Akaondolewa kazini kwa sentensi hiyo, si kwa ile ya mtu aliyeumia akilinda watu. Kuna tofauti kubwa kati ya sentensi hizo mbili, na ameishi ndani ya ile mbaya kwa miaka yote hii.

Sasa nikuambie sehemu ambayo naionea aibu zaidi. Miezi miwili baadaye nilichukua magazini kumi za aina ileile kutoka mikononi mwa walinzi, zilizokuwa zimekaa viunoni mwao msimu mzima. Sikutandika turubai. Nilizijaza risasi tano kila moja, nikazilaza kwenye udongo mwekundu wa nyuma ya ghala, nikazipangusa kama mlinzi anavyopangusa, kwa mkono, nikaanza kuvuta bolti mwenyewe. Nilihesabu kama yeye. Kabla sijamaliza magazini ya pili, risasi ilisimama pua juu. Midomo ile myembamba inayoshikilia risasi ilikuwa imeachana kwa upana wa unywele. Nikajaza nne: hakuna kilichokwama. Nikajaza tano: ikakwama tena. Mchana mzima, peke yangu, nikivuta mpaka mwisho, na kila ilipokwama nilimsikia akisema, umesikia.

Unadhani nilikimbilia ofisini? Niliandika pendekezo. Nikasema magazini zibadilishwe kwa nyingine za chuma kizito "kutokana na uchakavu". Zikabadilishwa zote. Tangu hapo hakuna mlinzi aliyekwama. Nilipongezwa. Nikajiambia kwamba tatizo nimelimaliza, na kwa upande wa bunduki ilikuwa kweli. Nilitengeneza kila kitu isipokuwa mtu.

Na nikaendelea kumwalika kwenye sherehe. Unaikumbuka ile ya Krismasi, ya familia za wafanyakazi, baada ya ibada? Ulikuwa na miaka kumi na miwili. Mtu akasema, Mwende, tuonyeshe Kavola anavyopiga bunduki. Ukasimama katikati, ukashika mwiko wa ugali kama bunduki, ukavuta bolti taaaratibu, ukipiga miayo, ukajifanya kuangalia saa, halafu ukaanguka. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Kyalo alikuwa amekaa karibu na mlango, fimbo yake imelala juu ya mapaja. Alipiga makofi. Akasema, "Huyu msichana ataigiza kwenye televisheni." Kisha akaniangalia mimi. Nami nikainamia sahani yangu ya muthokoi.

Usijilaumu. Ulikuwa mtoto na ulicheza mchezo uliopewa. Nakuambia ili ujue mchezo huo ulitoka wapi.

Wiki mbili zilizopita barua yako ya chuo ilipofika, ulirukaruka jikoni, ukavuta bolti ya hewani, tak-tak, ukasema, "Mum, mimi sitakuwa Kavola. Mimi nitavuta haraka." Nikaenda chumbani nikafunga mlango. Ulidhani nalia kwa sababu unaondoka.

Jumamosi iliyopita nilipokuambia nina mkutano, nilikwenda Kibwezi. Anapanda bamia na matikiti kwa maji ya mtaro. Nilimkuta amekaa juu ya kreti iliyopinduliwa, anachagua bamia, mguu wa bandia ameuvua na kuuegemeza ukutani. Mke wake aliniletea kiti. Sikukaa. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama: masikio yangu, safu ya sababu, kamati, ule udongo wa nyuma ya ghala. Sikuacha kitu.

Aliendelea kuchagua bamia mpaka nikamaliza. Nzuri kushoto, zilizokomaa kulia.

"Miezi miwili," akasema. "Ulijua baada ya miezi miwili."

"Ndiyo, Mzee."

"Unajua mimi nimevuta hiyo bolti mara ngapi? Nikilala navuta. Nikichota maji navuta. Nasema 'i', inagonga, halafu 'li' haitoki. Mke wangu ananiamsha, ananiambia Kyalo, wacha kuhesabu." Akaitupa bamia moja mbali. "Mwanzoni nilijua nilivuta mpaka mwisho. Nilijua kabisa. Lakini wewe umesoma. Na karatasi ilikuwa na sahihi yangu. Mwaka wa tatu hivi nikaanza kuona labda ni mkono. Nikaamini fomu yako, nikaacha kuamini mkono wangu. Unasikia, Injinia? Mguu nyati alichukua. Mkono ulichukua wewe."

Nikasema nimekuja kuomba msamaha.

"Wa kuweka wapi?" Hakupaza sauti. "Umekuja kuniambia mimi. Mimi ndiye nilikuwa pale! Kuniambia mimi kuna kazi gani? Waambie waliosoma hiyo fomu. Mwambie yule msichana wako. Alinicheza mbele ya watu na nikapiga makofi. Nasikia anaenda kuwa mlinzi."

"Anaondoka wiki ijayo. Atabadilisha gari hapa Kibwezi."

Akaokota bamia nyingine, akaiweka kulia. Mke wake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakujua ampe nani.

"Akishajua," Kyalo akasema, "akitaka kupita kunisalimia, apite. Nitamwonyesha jinsi ya kupapasa midomo ya magazini kwa kidole kabla ya kuijaza, hiyo hawafundishi vizuri. Asipotaka, aende. Lakini asipite hapa bila kujua. Hiyo hapana." Kisha akamwambia mke wake, "Huyo mpe chai, amesafiri." Nikanywa chai. Ilikuwa ngumu kuliko kusemwa.

Sikusamehewa, Mwende. Sitaki udhani barua hii ina mwisho huo.

Ndani ya bahasha hii utaona karatasi ya pili. Ni nakala ya barua ninayoipeleka ofisini keshokutwa asubuhi. Nimeandika yote kwa majina na nimetia sahihi. Nimeomba faili lake lifunguliwe na maneno yangu matatu yafutwe. Huenda nikasimamishwa kazi. Huenda pia chuoni mtu akakuuliza kama wewe ni mtoto wa yule injinia. Nilifikiri nisubiri mpaka umalize mafunzo, nikulinde. Nikagundua kwamba nimekuwa nikisubiri kitu kama hicho kila mwaka: upande darasa, ufanye mtihani, umalize sekondari. Daima ulikuwa kisingizio changu kizuri. Leo nakutoa kwenye kazi hiyo.

Utafundishwa na watu wanaojua mengi. Watakupa fomu, kwa sababu kazi hii ni fomu zaidi kuliko watu wanavyofikiri. Siku moja kitu kitakataa mikononi mwa mtu aliye mkubwa kuliko wewe au mnyonge kuliko wewe, na kalamu itakuwa kwako. Utakuwa umechoka, na jibu la haraka litakuwa na jina la mtu. Mimi ninalo jambo moja tu la kukupa kuhusu siku hiyo. Kwenye safu ya sababu kuna nafasi ya kutosha kuandika "sijui". Nimeipima. Neno hilo linaingia vizuri, na linabakiza nafasi. Ningeliandika, wangerudisha magazini ile mezani, na mtu mmoja angekuwa anatembea shambani kwake kwa miguu yote miwili.

Yale maua yako bado ninayo, ile karatasi ya matundu matano. Nilitaka kuichoma. Badala yake nimeiweka kwenye bahasha pia. Ni kazi nzuri sana, ukiitazama peke yake.

Kama kesho utashuka Kibwezi na kwenda kwa Kyalo, au utavuka barabara na kupanda gari lingine bila kugeuka, sijui. Kama ukimaliza kusoma utanikumbatia au utachukua sanduku ukalale kwa jirani, sijui hilo pia. Nilikuwa nimekuandalia sentensi za kukusaidia uamue. Nimezikata.

Mbwa ameinuka, na nasikia geti. Naja kukufungulia.

Mama yako